Shambulio la Wachache

Wahenga walisema, "Wengi wape." Wako wanaoongeza kwamba usipowapa watachukua wenyewe. Methali hii ina sura mbili. Sura ya kwanza ni ya haki: neno la watu wengi lisidharauliwe na mtu mmoja mwenye kiburi. Sura ya pili ni ya tisho: mwenye wingi hana haja ya kuomba, maana mkono wake wafika. Watu hupenda kuitaja methali kwa sura ya kwanza na kuitumia kwa sura ya pili. Katikati ya sura hizo hukaa swali ambalo methali yenyewe hailijibu. Wachache nao wafanye nini? Wakingoja mpaka wawe wengi, yamkini watangoja milele. Wakiwaendea wale wanaowazidi kwa hesabu, yaelekea watavunjika.

Mchezo wa sataranji, ambao siku hizi watu wengi huuita chesi, umelifikiri swali hili kwa namna yake. Jina la sataranji liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Waarabu waliupokea mchezo kutoka Uajemi, na Waajemi kutoka Bara Hindi. Umesafiri zaidi ya miaka elfu moja, na katika safari hiyo umebeba mafunzo ya vita, ya subira na ya hesabu. Uwanja wake una miraba 64. Kila mchezaji ana kete 16, na nusu ya hizo ni askari wa miguu, wadogo kuliko wote. Askari huenda mbele tu, hatua moja moja, ila katika mwendo wake wa kwanza aweza kupiga hatua mbili. Hula kwa mshazari. Harudi nyuma kamwe, na kwa sababu hiyo kila hatua yake ni kama neno lililokwisha kutamkwa mbele ya watu. Mfaransa Philidor aliandika kitabu mwaka 1749 ambacho kiliwapa askari hao heshima waliyokuwa hawana, akionyesha kwamba namna walivyopangwa ndiyo huamua mchezo utakwendaje.

Miongoni mwa mbinu zilizozaliwa na fikira hiyo iko moja iitwayo shambulio la wachache. Hutokea mara nyingi katika ufunguzi wa Gambiti ya Malkia, baada ya askari kubadilishana katikati ya uwanja. Upande wa malkia, ambao kwa mwenye kete nyeupe ni mkono wa kushoto, mweupe hubakiwa na askari wawili, na mweusi na watatu. Umbo hilo hujulikana kwa jina la Karlsbad, mji ambao mashindano makubwa yalifanyika mwaka 1923, nao leo huitwa Karlovy Vary katika nchi ya Cheki. Akili ya kawaida humshauri mweupe akae kimya mahali alipozidiwa. Mbinu humshauri kinyume chake. Askari wa pili kutoka ukingoni hutumwa mbele hatua mbili, kisha hatua moja, mpaka asimame uso kwa uso na ukuta wa watatu na kuugusa.

Hapo mweusi hana jibu lisilo na gharama. Akimngoja aliwe askari wake naye alipe kisasi, mweupe hubakiwa na askari mmoja upande ule na mweusi na wawili. Wengi wangali wengi. Lakini mmoja wa wale wawili amebaki nyuma, hana askari jirani wa kumlinda, na mbele yake pana njia iliyo wazi ambayo ngome za mweupe humpiga kutoka mbali. Mweusi akila yeye kwanza, askari wake wa katikati hukosa nguzo ya kuegemea. Akisukuma mbele askari aliyetishwa ili amkwepe mshambuliaji, naye huliwa katikati, nguzo ile ile huondoka. Katika mashindano ya kutafuta bingwa wa dunia ya mwaka 1948, yaliyochezwa The Hague na Moscow, Smyslov alimshinda Keres kwa njia hii, na mchezo wao umekuwa darasa kwa vijana wa nchi nyingi.

Jambo la kwanza linaloonekana hapa ni kwamba wingi ni ahadi. Askari watatu dhidi ya wawili wana thamani kwa kuwa siku moja mmoja wao aweza kupenya, akafika mwisho wa uwanja na kugeuzwa malkia. Mpaka siku hiyo ifike, wingi wao ni mali iliyo kwenye daftari. Wachache hushambulia katika muda ulio kati ya ahadi na utimizo. Hawajaribu kuwamaliza wengi, kazi ambayo hawaiwezi. Huwataka wachague, na kila wachaguacho huwaachia jeraha.

Jambo la pili ni kwamba wachache hawa hawako peke yao. Nyuma yao zimesimama ngome na malkia, na njia iliyo wazi ndiyo barabara ya nguvu hiyo. Askari aliyetangulia bila msaada nyuma ni chakula cha adui tu. Watu wengi wenye moyo safi wameshindwa kwa kutolijua hili: walikuwa na haki, walikuwa na ujasiri, lakini hawakuwa na njia ambayo haki yao ingepitia.

Jambo la tatu lina uzito kuliko yote, nalo husahauliwa kwa wepesi. Huyo mweupe aitwaye mchache upande wa malkia ana askari wanne upande wa mfalme, na hapo mweusi ana watatu. Mtu yule yule, katika saa ile ile, ni mchache hapa na ni wengi pale. Uchache si damu ya mtu wala tabia yake. Ni mahali aliposimama.

Mji wa Babati ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili la tatu. Umekaa penye njia panda, barabara ya Arusha, ya Dodoma na ya Singida zikikutana. Mlima Kwaraa u karibu, na ziwa la Babati lenye viboko li kando ya mji. Tangu mwaka 2002, mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka mkoa wa Arusha, ndio makao makuu ya mkoa. Katika mji huo na vijiji vinavyouzunguka wapo Wagorowa, Wairaki, Wabarbaigi, Warangi na Wambugwe, pamoja na wageni waliofuata biashara na kazi za serikali. Mkulima aliye miongoni mwa wengi katika kijiji chake huja mjini akawa mmoja katika foleni ya wasiojuana. Mfugaji ambaye ukoo wake hujaza bonde zima huwa peke yake katika mkutano wa wakulima. Mwislamu na Mkristo hubadilishana wingi kutoka mtaa hadi mtaa. Anayeitumia methali ya wengi asubuhi aweza kuihitaji huruma ya wengi kabla jua halijatua. Akilifahamu hilo, ataona kwamba sheria awatungiayo wachache leo anajitungia mwenyewe kwa kesho.

Lakini liko swali zito zaidi ambalo uwanja wa sataranji hauliulizi, kwa kuwa kete zake ni za mti. Na afikiriwe mwalimu wa sekondari katika mji huo, akimfundisha mwanafunzi wake mbinu hii jioni baada ya masomo. Askari wa pili ametumwa, amegusa, amekula, ameliwa. Mwalimu anaonyesha kwa kidole yule askari mweusi aliyebaki nyuma, na kueleza jinsi atakavyozingirwa mpaka aanguke. Kijana anatazama kete iliyokwisha kuwekwa kando ya ubao.

"Mwalimu," anauliza, "na huyu wetu?"

"Huyo amefanya kazi yake."

"Lakini hakuiona faida yake, Mwalimu."

Mwalimu aweza kucheka, na kwa mchezo wa kete ana haki ya kucheka. Hata hivyo kijana ameligusa jambo ambalo viongozi wengi wa wachache hawapendi kuguswa. Nani hutangulia? Na je, aliulizwa? Shambulio la wachache lina gharama isiyokwepeka, na gharama hiyo hulipwa na yule aliye mbele. Kila kundi dogo lililodai haki duniani lilikuwa na mtu wa kwanza kufukuzwa kazi, wa kwanza kunyimwa shamba, wa kwanza kutengwa na ndugu. Faida ikaja baadaye, ikawakuta wengine wamekaa kivulini.

Mchezo wa bao, ambao ni wa pwani tangu zamani, una hekima tofauti katika jambo hili. Ubao wake una mashimo 32 na kete 64, na kete zote ni sawa. Hakuna mfalme wala askari. Kete inayoliwa haitupwi nje. Mlaji huichukua na kuipanda katika mashimo yake mwenyewe, nayo huendelea kuzunguka mpaka mwisho. Katika sataranji aliyeliwa amekufa. Katika bao aliyeliwa amehama. Mchezaji wa bao hujua kwamba kete aliyoipoteza iko ng'ambo, ingali hai, na huenda ikamrudia. Jamii ya wanadamu yafanana na bao kuliko sataranji: walioshindwa katika shauri la jana ndio watakaokaa pamoja na washindi sokoni, msikitini, kanisani na mazishini. Hawana kando ya ubao pa kuwekwa. Hivyo mbinu ya sataranji ikitumiwa kwa watu pasipo kukumbuka desturi ya bao, huleta ushindi usio na mahali pa kuishi.

Tanzania yenyewe imeona jinsi neno la wachache linavyoweza kubadili umbo la taifa. Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi juu ya mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Katika kila watu mia waliotoa maoni, karibu themanini walitaka chama kimoja kiendelee, na ishirini hivi walitaka vyama vingi. Kwa hesabu ya "wengi wape", shauri lilikuwa limekwisha. Tume ilishauri kufuata njia ya wale ishirini, na mwaka 1992 nchi ikaingia katika mfumo wa vyama vingi. Wachache hawakuwafanya wengi kuwa wachache, kwa maana uchaguzi wa mwaka 1995 chama kile kile kilichokuwa kikitawala ndicho kilichoshinda. Wengi waliendelea kuwa wengi. Kilichobadilika ni umbo: njia iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa, na wengi nao waweza kuipita siku wakijikuta wamekuwa wachache. Hapo shauri la taifa liliachana na uwanja wa sataranji. Katika sataranji njia iliyofunguliwa humnufaisha aliyeifungua, na mwenzake hubaki na kidonda. Katika mfumo wa haki njia iliyofunguliwa ni ya kila mwenye miguu.

Mfano wa pili umo katika mkoa wa Manyara wenyewe. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Ni watu wachache sana. Jumla yao ni yapata elfu moja na mia kadhaa. Kwa muda mrefu ardhi waliyoitegemea ilipungua, mashamba yakisogea upande mmoja na mifugo upande mwingine. Wengi waliokuwa wakisogea hawakuwa waovu. Walikuwa na njaa yao na watoto wao. Lakini mwituni mwenye upinde hana ua wala jembe la kuonyesha kwamba mahali pana mwenyewe, na wengi huona patupu pale ambapo macho yao hayakufundishwa kuona. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipata hati ya hakimiliki ya kimila juu ya eneo la zaidi ya hekta 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Katika jambo hilo mna mafunzo yote ya mbinu, na mna kitu kinachoipita. Wachache hawakudai nchi yote. Walidai mahali palipo na mipaka. Walitembea katika njia iliyo wazi, yaani sheria iliyotungwa kwa ajili ya vijiji vyote, wala haikuwa sheria yao peke yao. Jirani mwenye jembe na jirani mwenye ng'ombe waweza kuomba hati ya namna ile ile kwa sheria ile ile. Hivyo ushindi wa wachache haukuhitaji kumwachia jirani udhaifu wa kudumu. Ulihitaji tu asogee mpaka kwenye mpaka na kusimama hapo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kushinda na kupata haki: mshindi hutaka mwenzake abaki na pengo, na mwenye haki hutosheka pengo lake mwenyewe likizibwa.

Wachache wasidhani kwamba uchache wao unawatakasa. Sataranji ina onyo kwao pia. Askari anaposonga mbele upande wa malkia, huacha nyuma yake mraba ambao hataweza kuulinda tena, na farasi wa mweusi hupenda kuja kukaa hapo. Tena, mweupe akipeleka kete zake zote upande ule kwa ajili ya kumzingira askari mmoja dhaifu, mweusi hukusanya zake upande wa pili na kumwendea mfalme. Wako waliokuwa karibu kula askari huyo, na ghafla wakaona mfalme wao hana pa kukimbilia. Kadhalika liko kundi dogo ambalo hulipenda lalamiko lake kuliko haki yake. Hutafuta jeraha la wengi na kulichokonoa mwaka baada ya mwaka, mpaka husahau nyumba, watoto na mashamba ya watu wake. Likiulizwa latakaje, hujibu kwa kutaja lilivyokosewa. Hilo limeshindwa hata likipata kila lilichodai.

Wengi nao wana somo lao. Mchezaji dhaifu wa kete nyeusi, aonapo askari mmoja anasogea, hucheka kwa kuwa anahesabu watatu wake. Mchezaji hodari hahesabu, huuliza: amekuja kutafuta nini? Huimarisha palipo dhaifu kabla hapajaguswa, na hujua kwamba kukaa kimya juu ya wingi wake ndiyo njia ya hakika ya kuupoteza. Katika maisha ya watu swali hilo lina jibu jepesi kuliko katika mchezo, kwa maana mwanadamu aweza kuulizwa naye akajibu. Mara nyingi wachache husogea mbele kwa sababu hawakuulizwa walipokuwa wamekaa. Lau wangalisikilizwa barazani, wasingalihitaji kuugusa ukuta.

Basi je, shambulio la wachache ni halali? Mchezoni ni halali siku zote. Kwa watu lina masharti, na masharti yenyewe ni matatu. Atanguliaye mbele awe ameijua gharama na ameikubali kwa hiari yake, maana mtu hatumwi kama kete. Kinachodaiwa kiwe ni kitu ambacho wengi waweza kukitoa pasipo kuvunjika. Na njia itakayofunguliwa ibaki wazi kwa wote, hata kwa wale walioipinga. Sharti la kwanza likikosekana, viongozi wanakula watu wao. La pili likikosekana, madai yamekuwa vita. La tatu likikosekana, wachache wanajifunza tu kazi ya wengi waovu, wakingoja zamu.

Methali ya wahenga haikukosea ilipowaagiza watu wawape wengi. Hesabu ina heshima yake, na nchi isiyohesabu hutawaliwa na mwenye sauti kubwa. Lakini kuwapa wengi ni kuwapa kilicho chao. Kilicho cha wachache hakimo katika hesabu hiyo, na wengi wakikichukua kwa mikono yao, hata wakiwa elfu kwa mmoja, wamechukua cha watu.